Kutoka Mwili wa Rubani hadi Wastani wa Abiria: Historia ya Hesabu ya Uzito na Urari katika Ndege Ndogo, 1896–2010

1.0 Utangulizi

Kabla ya ndege ndogo kuruka, rubani hutakiwa kujibu maswali mawili. La kwanza ni iwapo uzito wote wa ndege, pamoja na watu, mafuta na mizigo, hauzidi kiwango kilichoidhinishwa. La pili ni iwapo uzito huo umepangwa kwa namna ambayo kitovu chake kinaangukia ndani ya mipaka iliyowekwa na mtengenezaji. Hesabu inayojibu maswali hayo ndiyo inayoitwa katika makala haya hesabu ya uzito na urari. Ni hesabu ya kuzidisha, kujumlisha na kugawanya, ambayo mwanafunzi wa sekondari anaimudu bila taabu. Pamoja na wepesi wake, makosa yanayoihusu yameendelea kuua watu kwa zaidi ya karne moja, wakiwamo abiria wa ndege ambayo karatasi zake zilionyesha kuwa kila kitu kiko sawa.

Ukinzani huo ndio unaochunguzwa hapa. Makala yanajenga hoja kwamba historia ya hesabu hii haiwezi kuelezwa kama historia ya maendeleo ya hisabati, kwa kuwa kanuni yake ilijulikana tangu enzi za Archimedes, aliyethibitisha kuwa vitu viwili huwa katika urari juu ya wenzo pale umbali wa kila kimoja kutoka kwenye egemeo unapokuwa kinyume cha uzito wake. Kilichobadilika ni wajibu: nani apime, nani akokotoe, na takwimu zipi zikubalike kuwa ushahidi wa uzito halisi. Wajibu huo ulianza katika mwili wa rubani, ukahamia kwenye meza ya mhandisi, ukaingia katika sheria na majedwali ya kiwanda, na hatimaye ukakabidhiwa wastani wa takwimu. Kila uhamisho ulileta nafuu, na kila mmoja ulificha jambo ambalo awali lilionekana wazi.

2.0 Istilahi na Msingi wa Hesabu

Wazo la urari wa chombo si geni kwa jamii za pwani ya Afrika Mashariki. Nahodha wa jahazi hutia farumi ngamani chombo kinaposafiri bila shehena, na huangalia shehena ilivyogawanywa kati ya tezi na omo kabla ya kutweka tanga. Tofauti ya msingi ni kwamba jahazi huonyesha hali yake likiwa bado limetia nanga: likizidishiwa mzigo huzama zaidi majini, na likielemewa upande mmoja huinama. Ndege iliyoegeshwa hukaa juu ya magurudumu yake na haionyeshi dalili iliyo wazi kiasi hicho. Kasoro yake hudhihirika inapokwisha kuiacha ardhi. Kwa sababu hiyo, kile ambacho nahodha hukiona kwa macho, rubani analazimika kukifikia kwa hesabu.

Hesabu yenyewe hutumia dhana nne. Mstari wa rejea ni mahali palipochaguliwa na mtengenezaji ambapo umbali wote huanzia kupimwa. Mkono ni umbali kutoka mstari huo hadi mahali uzito fulani ulipo. Momenti ni zao la uzito na mkono wake. Kitovu cha uzito hupatikana kwa kugawanya jumla ya momenti kwa jumla ya uzito.

Mfano ufuatao, uliobuniwa kwa vipimo vinavyokaribiana na vya ndege ya kawaida ya viti vinne, unaonyesha umuhimu wa dhana hizo. Ndege tupu ina kilo 680 kwenye mkono wa mita 1.00, hivyo momenti yake ni 680.0. Watu wawili wa mbele wana kilo 160 kwenye mita 0.94, sawa na 150.4. Watu wawili wa nyuma wana kilo 140 kwenye mita 1.85, sawa na 259.0. Mafuta ni kilo 100 kwenye mita 1.22, sawa na 122.0. Mizigo ni kilo 40 kwenye mita 2.41, sawa na 96.4. Jumla ya uzito ni kilo 1,120 na jumla ya momenti ni 1,307.8. Kitovu cha uzito kiko mita 1.168 kutoka mstari wa rejea. Ikiwa mpaka wa nyuma ni mita 1.20, ndege iko salama.

Sasa mbele abaki rubani peke yake mwenye kilo 70, nyuma wakae watu wenye jumla ya kilo 190, na mizigo ifikie kilo 80. Uzito wote unabaki kilo 1,120 zilezile, lakini momenti inapanda hadi 1,412.1 na kitovu kinarudi nyuma hadi mita 1.261, yaani sentimita sita nje ya mpaka. Mizani ya uwanjani ingetoa jibu moja kwa ndege zote mbili, ilhali moja ingeruka na nyingine ingeweza kumshinda rubani.

Sababu za hatari hiyo ni za kimaumbile. Kitovu kikienda mbele mno, pua huwa nzito, na bawa la mkia linaweza kukosa nguvu ya kuinua pua wakati wa kutua. Kikienda nyuma mno, ndege hupoteza uthabiti. Pua huelekea kuinuka, na mabawa yakipoteza mnyanyuko rubani anaweza kushindwa kuishusha pua ili yaupate tena. Mpaka wa nyuma kwa hiyo si pendekezo la tahadhari tu, bali ni alama ya mahali ambapo udhibiti wa binadamu huanza kukoma.

3.0 Uzito katika Mwili wa Rubani, 1896–1905

Katika majaribio ya Mjerumani Otto Lilienthal, hesabu ya urari haikuandikwa popote. Rubani aliining'inia nyiringinyiringi yake isiyo na injini kwa mikono, na kuiongoza kwa kurusha miguu na kiwiliwili mbele, nyuma au pembeni. Mwili wake ulikuwa kwa wakati mmoja mzigo, usukani na kikokotozi. Mfumo huo ulimwezesha kuruka zaidi ya mara elfu mbili, lakini ulikuwa na ukomo: mwili wa mtu unaweza kusogea kwa kiasi kidogo tu. Tarehe 9 Agosti 1896 chombo chake kilipoteza mnyanyuko, naye hakuweza kukirejesha. Alifariki dunia siku iliyofuata.

Ndugu Wilbur na Orville Wright waliutenganisha mwili wa rubani na kazi ya usukani, na kwa kufanya hivyo waliugeuza uzito kuwa suala la usanifu. Katika ndege yao iliyoruka Kitty Hawk tarehe 17 Desemba 1903, rubani alilala kifudifudi kushoto mwa mstari wa kati, na injini ikawekwa kulia. Kwa kuwa injini ilikuwa nzito kuliko rubani, bawa la kulia lilirefushwa kwa takribani sentimita 10 ili libebe tofauti hiyo. Hapa hesabu ya urari inaonekana imechongwa katika mbao na kitambaa: uzito wa mtu fulani ulikuwa kigezo cha umbo la ndege.

Hata hivyo, urari wa mbele na nyuma uliendelea kuwasumbua. Ndege ya 1903 haikuwa thabiti, na ilipanda na kushuka kama inayopita juu ya mawimbi. Mwaka 1904, walipoendelea na majaribio karibu na Dayton, Ohio, waliongeza sehemu ya mbele vyuma vyenye uzito wa takribani pauni 70, yaani kilo 32 hivi. Ilikuwa farumi kwa maana kamili ya neno hilo: uzito usio na kazi nyingine ila kurekebisha mahali pa kitovu. Tukio hilo ni muhimu kihistoria kwa sababu linaonyesha kwamba kuongeza uzito kunaweza kuifanya ndege iwe salama zaidi, jambo linalopingana na dhana iliyoenea kwamba tatizo la ndege ni uzito kuzidi tu.

4.0 Mafuta kama Mzigo Unaopungua, 1926–1936

Tuzo ya Orteig ya dola 25,000, iliyotangazwa mwaka 1919 kwa atakayeruka kati ya New York na Paris bila kutua, iliibua aina mpya ya tatizo. Safari ndefu ilidai mafuta mengi, na mafuta ni mzigo wenye tabia mbili: ni mzito kabisa wakati wa kuruka, ambapo ndege haina kasi bado, na hupungua njiani hivyo kuhamisha kitovu cha uzito.

Tarehe 21 Septemba 1926 ndege ya injini tatu aina ya Sikorsky S-35, ikiongozwa na René Fonck, ilishindwa kuondoka katika uwanja wa Roosevelt huko New York. Ilikuwa imebebeshwa mzigo ambao haikuwahi kujaribiwa nao. Gia ya ziada ya magurudumu ilivunjika, ndege ikaungua, na watu wawili kati ya wanne wakafa. Tarehe 26 Aprili 1927 Noel Davis na Stanton Wooster walikufa Virginia katika ndege nyingine iliyokuwa ikijaribiwa ikiwa na mzigo mzito kwa ajili ya safari hiyohiyo. Katika matukio yote mawili, marubani walikuwa wenye uzoefu mkubwa. Uzoefu haukuweza kufidia uzito.

Ndege ya Charles Lindbergh, iliyosanifiwa na Donald Hall huko San Diego, ilijibu tatizo hilo kwa njia ya mahesabu. Ilikuwa na injini moja, mtu mmoja, na takribani galoni 450 za Marekani za mafuta, kiasi kilichokaribia nusu ya uzito wote wa kuruka. Tangi kuu liliwekwa kati ya injini na chumba cha rubani, karibu na kitovu cha uzito, ili mafuta yalivyoendelea kupungua urari usiharibike sana. Gharama ya uamuzi huo ni kwamba rubani hakuweza kuona mbele moja kwa moja. Safari ya saa 33 na nusu ya tarehe 20 na 21 Mei 1927 husimuliwa kama ushindi wa ujasiri. Kwa mtazamo wa makala haya, ilikuwa pia ushindi wa mpangilio wa mzigo: dirisha la mbele lilitolewa sadaka kwa ajili ya kitovu cha uzito.

Uzoefu huo una uhusiano na Afrika Mashariki. Kampuni ya Wilson Airways ilianzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ikitumia ndege ndogo kusafirisha watu, barua na vifurushi. Beryl Markham, aliyekulia Kenya na kufanya kazi ya urubani wa kukodiwa nchini humo, aliruka kutoka Abingdon, Uingereza, tarehe 4 Septemba 1936 katika ndege iliyoongezewa matangi ya mafuta ndani, na kutua kwa dharura Cape Breton, Kanada, siku iliyofuata. Marubani wa aina yake walizoea kuamua mzigo katika viwanja vya nyasi ambako mara nyingi hapakuwa na mizani wala ofisa wa kukagua. Kwao makadirio ya jicho yalikuwa stadi ya kazi. Ni stadi hiyo ambayo sheria ilikuja kuitilia shaka.

5.0 Hesabu Kuwa Taaluma na Sheria, 1937–1948

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930, hesabu ya uzito ilikuwa imepata watu wake na vyombo vyake. Mwaka 1937 kampuni ya Librascope ilianza nchini Marekani, na bidhaa yake ya awali ilikuwa kifaa cha kukokotolea uzito na urari wa ndege. Mwaka 1939 wahandisi wa uzito wa ndege waliunda chama chao cha kitaaluma huko Los Angeles. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wapakiaji wa ndege za mizigo walitumia rula maalumu zenye ulimi unaoteleza, kila moja ikiwa imetengenezwa kwa aina fulani ya ndege. Mpakiaji alisogeza ulimi kwa kila mzigo ulioingia na kuona papo hapo kama kitovu kingali ndani ya mipaka. Hakuhitaji kuelewa momenti. Ujuzi ulikuwa umehamishwa kutoka kichwani kwenda kwenye kifaa, na hivyo kazi iliyokuwa ya mhandisi ikaweza kufanywa na askari kijana kwa dakika chache.

Baada ya vita, kilichokuwa desturi kiligeuka kuwa sharti la kimataifa. Mkataba wa Chicago ulitiwa saini tarehe 7 Desemba 1944, na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga likaanza kazi rasmi mwaka 1947. Kiambatisho cha 6 cha mkataba huo, kinachohusu uendeshaji wa ndege, kilipitishwa mwaka 1948. Kama kinavyosomeka sasa, kinataka safari isianze hadi iwe imethibitishwa kuwa uzito wa ndege na mahali pa kitovu chake vinaruhusu safari salama, na kwamba mzigo umepangwa na kufungwa ipasavyo. Umuhimu wa sharti hilo uko katika neno kuthibitishwa. Haitoshi tena ndege iwe katika urari. Lazima kuwe na mtu aliyetia saini kwamba iko hivyo. Kosa la urari liligeuka kuwa pia kosa la kiapo.

6.0 Jedwali la Kiwanda na Kiwanja cha Ndege

Kuenea kwa ndege ndogo za kuzalishwa kwa wingi kuliikamilisha hatua hiyo. Cessna 172, iliyoingia sokoni mwaka 1956, na Cessna 206 iliyofuata katika miaka ya 1960, zilikuja na vitabu vya rubani vyenye majedwali na michoro ya upakiaji. Rubani alitafuta uzito wa abiria kwenye mstari mmoja, akasoma momenti kwenye mwingine, na kuweka alama ndani ya umbo la mipaka lililochorwa. Alama ikiangukia ndani, ndege inaruhusiwa. Ikiangukia nje, kitu kishushwe au kihamishwe.

Jedwali hilo, hata hivyo, lilikuwa na dhana zake zilizofichika. Uzito wa juu ulioidhinishwa hauhakikishi kwamba ndege itaweza kuondoka katika kila kiwanja. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko takribani mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na adhuhuri yenye joto huifanya iwe nyepesi zaidi. Ndege inayoruka Mombasa ikiwa na mzigo kamili huhitaji njia ndefu zaidi ikiwa na mzigo uleule Nairobi. Rubani wa bara alilazimika kufanya hesabu mbili, ya mipaka ya kiwanda na ya uwezo wa hewa, na kufuata ile iliyo kali zaidi. Huduma za madaktari wanaotumia ndege, zilizoanzishwa Afrika Mashariki mwaka 1957, ziliongeza ugumu wa kimaadili: mgonjwa aliye kwenye machela huchukua nafasi ya viti, na ndugu anayeachwa kiwanjani kwa sababu ya kilo chache hahitaji maelezo ya momenti ili aumie.

7.0 Wastani wa Abiria na Mipaka Yake, 2001–2010

Kadiri usafiri ulivyoongezeka, kupima kila abiria kulionekana kuwa jambo la kuchelewesha na la kuaibisha. Wasimamizi wakaruhusu matumizi ya uzito wa wastani. Matukio matatu yanaonyesha namna tatu tofauti ambazo hesabu inaweza kushindwa.

La kwanza ni la kupuuzwa. Tarehe 25 Agosti 2001 ndege aina ya Cessna 402 ilianguka mara tu baada ya kuruka Marsh Harbour, Bahamas, na kuua watu wote tisa, akiwamo mwanamuziki Aaliyah. Uchunguzi ulionyesha kuwa uzito ulizidi kwa zaidi ya kilo 300 na kitovu kilikuwa nyuma ya mpaka. Hapa kanuni zilikuwapo, lakini hazikufuatwa.

La pili ni zito zaidi kwa mtafiti, kwa sababu hesabu ilifanyika. Tarehe 8 Januari 2003 ndege ya abiria 19 aina ya Beech 1900D ilianguka Charlotte, Marekani, na kuua watu wote 21. Kwa kutumia wastani ulioidhinishwa, karatasi za safari zilionyesha kuwa ndege ilikuwa ndani ya mipaka. Uchunguzi uligundua kuwa kwa uhalisi ilizidi kwa pauni 580, sawa na kilo 263 hivi, na kitovu kilikuwa nyuma mno. Hali hiyo ilizidisha madhara ya kebo za bawa la mkia zilizokuwa zimerekebishwa vibaya katika matengenezo. Upimaji wa abiria ulioagizwa baadaye ulibaini kuwa watu walikuwa wazito kwa zaidi ya pauni 20 kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2004 mamlaka ya Marekani ilipandisha wastani wa mtu mzima hadi pauni 190 wakati wa kiangazi na 195 wakati wa baridi, nguo na mzigo wa mkononi vikiwamo.

Tukio hilo linadai kutofautisha makosa mawili. Kosa la kwanza ni wastani uliopitwa na wakati, ambalo hurekebishwa kwa kupima upya. Kosa la pili ni la asili ya wastani wenyewe. Katika ndege ya abiria 300, wazito na wepesi hufidiana, na jumla hukaribia makadirio. Katika ndege ya abiria tisa, fidia hiyo haina uhakika. Timu ya wachezaji au familia ya watu wakubwa inaweza kuvunja mipaka ilhali wastani wa taifa ni sahihi kabisa. Kadiri ndege inavyokuwa ndogo, ndivyo wastani unavyopungua thamani kama ushahidi.

La tatu linahusu dhana kwamba mzigo hukaa pale ulipowekwa. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege aina ya Let L-410 ilianguka karibu na Bandundu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kuua watu 20. Kwa mujibu wa maelezo yaliyoripotiwa ya manusura pekee, mamba aliyefichwa katika mkoba alitoroka, abiria wakakimbilia mbele kwa hofu, na urari ukavurugika. Bila kujali uzito unaopewa ushahidi wa mtu mmoja, maelezo hayo yanadhihirisha sharti ambalo hesabu zote zilizotangulia hulichukulia kimyakimya: abiria wataketi, na mizigo itajulikana.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa kanuni ya hesabu ya uzito na urari haikubadilika katika kipindi kilichochunguzwa. Wajibu ndio uliohama. Lilienthal aliubeba mwilini, ndugu Wright na Hall waliuingiza katika usanifu, mkataba wa kimataifa uliuweka katika saini, kiwanda kiliugeuza kuwa jedwali, na wasimamizi wakaukasimu kwa wastani. Kila hatua iliwapunguzia watendaji kazi ya kufikiri, na iliwaongezea umbali kati ya namba iliyoandikwa na kitu kilichopakiwa.

Kwa mantiki hiyo, ajali ya Charlotte ndiyo inayofunza zaidi kuliko nyingine zote, kwa kuwa humo hakuna aliyevunja kanuni ya upakiaji, na bado ndege ilizidiwa. Inafuata kwamba mizani midogo iliyowekwa mlangoni mwa kiwanja cha ndege ndogo, inayompima abiria pamoja na mkoba wake, haipaswi kuchukuliwa kama masalia ya usafiri wa kimaskini. Kwa ndege za abiria wachache, mizani hiyo ni ushahidi bora kuliko wastani wowote, na hurejesha uhusiano wa moja kwa moja kati ya hesabu na uzito halisi. Zipo sasa programu za simu na vishikwambi zinazokokotoa momenti kwa sekunde moja. Haziondoi swali ambalo historia hii imelifuatilia tangu mwanzo: namba iliyoingizwa ilipimwa na nani, na nani atawajibika ikiwa si ya kweli.